Tuanze na Yatokanayo

Ndugu mwenyekiti, waandaaji wa semina hii, wasimamizi wenzangu kutoka viwandani, mahotelini, hospitalini, karakana na maofisini: itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika 40, na mshereheshaji ameniahidi kwamba nikifika ya 41 atanizimia kipaza sauti. Namshukuru. Laiti kila kikao cha kazi kingekuwa na mtu kama yeye.

Nianze na kijana mmoja ambaye jina lake nitalihifadhi. Kwa miaka kadhaa nilisimamia karakana ya malori ya masafa marefu Dar es Salaam, yale yanayopanda hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, kisha yanaingia Zambia na mengine kuendelea Lubumbashi. Kila Jumatatu saa 1:30 asubuhi tulikuwa na kikao. Mtunza stoo wetu hakuwahi kufika saa 1:30. Alifika saa 2 kasoro dakika 10, anafuta jasho, na neno lake lilikuwa lilelile: “Foleni, Madamu.” Nilimwandikia barua. Nilimsema mbele ya wenzake. Foleni haikupungua.

Jumamosi moja jirani yangu akanialika kwenye kikoba chao, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, nikaangalie kama ningependa kujiunga. Nimefika uani, mkeka umetandikwa, viti vya plastiki vimepangwa duara, sanduku la bluu liko katikati. Nani kakaa nyuma ya sanduku na beseni la kuhesabia fedha? Mtunza stoo wangu. Alikuwa amefika dakika 20 kabla ya muda.

Kilichofuata ndicho kilichonileta mbele yenu leo. Wenye funguo watatu wakaitwa, kila mmoja akafungua kufuli lake. Kabla sanduku halijafunuliwa, mwenyekiti, mama muuza vitenge, akauliza: “Jumamosi iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?” Hakuna aliyefungua daftari. Wakajibu kwa pamoja, mpaka mia ya mwisho. Mfuko wa jamii je? Wakajibu. Ndipo fedha zikahesabiwa mbele ya macho yote, na hesabu ikalingana. Kisha: “Namba 12, ulikuwa na rejesho la leo.” Namba 12 akasimama, akalipa. “Namba 4.” Namba 4 hakuwa nayo yote, akaeleza, akaulizwa lini, akataja siku, ikaandikwa. Mzee mmoja alichelewa, akatoa faini ya 500 bila hata kuketi kwanza. Hakusema foleni.

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Mtu yuleyule, mji uleule, foleni ileile ya Mbagala. Jumamosi ni mtu wa kuaminika kiasi cha kukabidhiwa fedha za watu 25, Jumatatu ni mzembe mwenye barua mbili za onyo kwenye faili. Basi tatizo lilikuwa kikao changu.

Ndugu zangu, mfumo huu wa sanduku hamkufundishwa chuo cha biashara, lakini mnaujua. Shirika la CARE lilianza nao Niger mwaka 1991, miongoni mwa akina mama wa vijijini, ukaenea Afrika, ukafika Zanzibar na Bara, tukaupa jina letu la vikoba. Serikali yenyewe ilivitambua vikundi hivi katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, katika daraja la nne la watoa huduma hizo. Wengi wa wanachama hawajawahi kusikia maneno “usimamizi wa utendaji”. Hawana meneja rasilimali watu. Wana kikao cha kila wiki, siku ileile, saa ileile, na kikao hicho kinaanzia pale kilipoishia cha wiki iliyopita.

Sasa tazameni ajenda za vikao vyetu. Kufungua kikao. Kusoma na kuthibitisha muhtasari. Yatokanayo. Taarifa za idara. Mengineyo. Kufunga. Waliotangulia walikuwa na akili, waliliweka neno hilo zuri kabisa, yatokanayo, mapema, kabla ya jambo jipya lolote. Ndilo swali la mama muuza vitenge: tulifunga na ngapi? Sisi tumelifanyia nini? Katibu anasoma muhtasari kwa dakika 25, watu wanasinzia. Kwenye yatokanayo mwenyekiti anasema, “Nadhani mengi yanaendelea kufanyiwa kazi, tusonge.” Kisha tunaingia kwenye taarifa, kila mkuu wa idara anasoma alichoandika, na saa nzima tunaimaliza kwenye mengineyo, tukijadili chai na maegesho.

Kuna jambo kwenye lugha yetu ambalo nataka mlisikilize vizuri wiki hii mkirudi kazini. Kiswahili kina mlango wa nyuma wa kutorokea kazi. Unaitwa kauli ya kutendwa. “Ilikubaliwa suala la vipuri lifuatiliwe.” Na nani? “Ilielekezwa usafi wa shimo la kukagulia magari uzingatiwe.” Na nani? Ukibanwa sana unaongeza neno moja: wahusika. “Wahusika walifuatilie.” Nimefanya kazi miaka mingi, sijawahi kukutana na mhusika hata mmoja. Hajawahi kuja kikaoni, hana namba ya simu, na kazi zote ngumu za nchi hii yuko nazo yeye.

Tulifanya zoezi pale karakana. Nikachukua mihtasari ya miezi mitatu, nikaipigia mstari kila sentensi ya maazimio. Karibu zote zilikuwa lifanyiwe, lizingatiwe, liangaliwe. Hakuna jina, hakuna siku. Halafu nikashangaa kwa nini hakuna kilichofanyika. Ahadi ni deni, tunasema. Haya, deni lina kiasi, lina mdaiwa, lina siku ya kulipa. Ahadi zetu za kikaoni hazikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na bado tulitaka zilipwe.

Basi nikavunja kile kikao. Nikaondoa viti. Tukahamia pembeni ya shimo la ukaguzi, kwenye ubao mweusi uliokuwa ukichorwa mechi za Simba na Yanga. Watu 11: mafundi wa injini, wa breki, wa umeme, mchomeleaji, wa matairi, mtunza stoo, msimamizi wa madereva, mimi. Dakika 20, tumesimama. Ubaoni safu nne tu: jambo, jina, siku, hali. Swali la kwanza kila Jumatatu lilikuwa la mama muuza vitenge, kwa maneno ya karakana: “Jumatatu iliyopita nani alisema atafanya nini?” Anajibu mwenyewe, kwa mdomo wake, wengine wakisikia. Imefanyika, haijafanyika. Kama haijafanyika, nini kimezuia, na siku mpya ni ipi. Baada ya hapo ndipo jambo jipya.

Jina ni moja. Hili niliwahi kubishana nalo sana na wenzangu wa ofisini, waliotaka kuandika “Idara ya Ufundi” au “Fulani na wenzake”. Kazi inaweza kufanywa na watu watano, sawa. Anayejibu Jumatatu ni mmoja. Ukiandika majina mawili, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Na siku ni siku, si “wiki hii”. Tulikuwa na fundi mzee, mcha Mungu wa kweli, kila ahadi yake inaishia Inshallah. Vijana walikuwa wakicheka chini chini. Nikamwambia, “Mzee wangu, Inshallah Jumatano au Inshallah Alhamisi?” Akatafakari, akasema, “Jumatano mchana, Inshallah.” Tukaandika Jumatano. Tangu hapo hata vijana ambao hawakuwa waswali sana walipenda kuahidi kwa mtindo wake.

Kwenye kona ya ubao tuliweka hesabu mbili tu. Malori yaliyorudi na ugonjwa uleule tuliodai tumeutibu, na siku ambazo gari limelala karakana. Nilijaribiwa kuongeza nyingine, kwa sababu mkurugenzi alipenda sana takwimu, nikakataa. Fundi anaweza kubeba hesabu mbili kichwani hadi nyumbani, kama wanakikoba wanavyobeba salio. Ukimpa kumi, anaziacha ubaoni.

Nisije nikawapa picha ya karakana ya peponi. Wiki ya nne nililiharibu jambo zima kwa mdomo wangu.

Jumatatu ile fundi wa breki alisimama, akaulizwa kuhusu tela fulani lililokuwa liondoke usiku. Akasema ukweli: lainingi zilizoletwa si saizi yake, kazi haijaisha, gari lisitoke. Mteja alikuwa amenipigia simu mara tatu asubuhi hiyo. Nikamgeukia mbele ya watu wote. Sitarudia niliyosema, watoto wangu wanaweza kuisoma hotuba hii. Ilikuwa dakika moja na nusu hivi ya kelele. Akainamisha kichwa, akasema, “Sawa Madamu.”

Jumatatu iliyofuata ubao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Kila mtu: tayari, tayari, tayari. Na iliyofuata. Nikajipongeza, nikadhani ukali umefanya kazi. Mpaka dereva mmoja aliponipigia akiwa Kitonga, anashuka na shaba kutoka Kongo, breki za tela zimefifia mlimani. Alilibana kwa gia, Mungu akamsaidia, hakuna aliyeumia. Gari lile lilikuwa na “tayari” ubaoni kwangu kabla halijaondoka, kwa mwandiko wa fundi ambaye wiki mbili zilizopita aliniambia ukweli akaona malipo yake.

Wale mnaopenda mifano ya makampuni makubwa, kuna tukio la Ford, Marekani, linalofanana na hili. Alan Mulally alitoka Boeing mwaka 2006 kwenda kuiongoza Ford, kampuni ikiwa inaelekea kufunga mwaka na hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Akaanzisha kikao kimoja cha kila Alhamisi, wakuu wote wa idara, kila mmoja na chati zake: kijani mambo ni mazuri, njano kuna mashaka, nyekundu kuna tatizo. Vikao vya mwanzo chati zote zilikuwa kijani. Kampuni inavuja mabilioni, chati ni kijani kama shamba la mpunga masika! Mpaka Mark Fields, aliyekuwa akisimamia eneo la Marekani, alipoonyesha nyekundu: gari jipya, Edge, lililokuwa likiundwa kiwanda cha Oakville kule Kanada, lilikuwa na hitilafu kwenye mlango wa nyuma, naye amesimamisha magari yasitoke. Chumba kikawa kimya, wenzake wakidhani hana kazi tena. Mulally akapiga makofi, akauliza nani anaweza kumsaidia. Wakajitokeza hapohapo. Wiki zilizofuata rangi zilianza kubadilika, na Fields mwenyewe mwaka 2014 ndiye aliyerithi kiti cha Mulally.

Mimi sikuwa na busara ya kupiga makofi kwa wakati. Ilinibidi niombe radhi, na niliomba pale pale nilipopigia kelele, Jumatatu, mbele ya watu wote 11. Wapo mnaoguna. Bosi kuomba radhi hadharani hamkuzoea, najua, nami sikuzoea. Lakini kosa lilifanyika ubaoni, nisingeweza kwenda kulilipia ofisini kwa mlango uliofungwa. Hata hivyo ilichukua takriban miezi miwili kabla mtu hajathubutu tena kusema “haijaisha” bila kutazama uso wangu kwanza.

Hapa niguse neno lenyewe lililoandikwa kwenye bango hapo nyuma yangu: uwajibikaji. Kwenye kamusi ni neno zuri, linatokana na wajibu. Mitaani limepata sura nyingine. Ukisikia redioni “waziri amewajibika”, maana yake amejiuzulu. Mzee Mwinyi, miaka ya 1970, aliwajibika kwa makosa yaliyotendwa na watendaji walio chini ya wizara yake, akaacha uwaziri, na hadi leo tunamtolea mfano. Ukisikia “mkurugenzi amewajibishwa”, ametumbuliwa. Kwa hiyo unapomwambia mchomeleaji, “Kuanzia Jumatatu tuna kikao cha uwajibikaji,” yeye anasikia kwamba Jumatatu kuna mtu ataondoka. Anakuja amejiandaa kujitetea. Pale kikoba neno hilo sikulisikia hata mara moja. Walikuwa wanalifanya tu. Ushauri wangu, msilitie kwenye jina la kikao. Sisi tuliita “ubaoni”. “Tukutane ubaoni.” Basi.

Na kuna mambo ambayo hayaendi ubaoni kabisa. Mtu ambaye ahadi zake zinarudi wiki baada ya wiki hazijatimia, usimmalizie pale mbele ya watu. Ubao umekuonyesha kwamba kuna jambo. Jambo lenyewe mnalitafuta wawili, mmekaa. Mara nyingi si uvivu. Mfano ni mtunza stoo wangu: tulipokaa faragha nikagundua kwamba Jumatatu saa 1:30 ndiyo saa wauzaji wa vipuri walikuwa wakimpigia kuthibitisha mzigo wa wiki, na anapigiwa kwa simu yake binafsi akiwa njiani, anashuka daladala ili asikie vizuri. Kila mtu alijua ila mimi. Tulisogeza kikao mbele dakika 30. Foleni ikaisha.

Hata pale ambapo ni uvivu kweli, sheria inataka utulivu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la mwaka 2007, haziruhusu umwondoe mtu kwa utendaji duni kwa sababu siku hiyo umechoka naye. Unatakiwa uchunguze sababu, umpe maelekezo, na mafunzo kama yanahitajika, umwonye, na umpe muda wa kutosha kujirekebisha. Wenzetu waliofika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila karatasi hata moja wanajua ninachosema. Lakini msinielewe vibaya, msiugeuze ubao kuwa faili la mashtaka. Siku mafundi watakapogundua kwamba unapiga picha ubao kila Jumatatu ili umpelekee mwanasheria, watarudi kwenye tayari, tayari, tayari. Kumbukumbu za nidhamu ziwe na njia yake.

Waliotoka serikalini wananiangalia kana kwamba wanataka kuniuliza kuhusu fomu. OPRAS, ule mfumo wa fomu wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, iliyoanza 2004, ilikuwa na nia njema sana: makubaliano ya wazi kati ya mtumishi na msimamizi wake, mapitio Desemba, tathmini Juni. Kilichotokea mahali pengi tunakijua, fomu ilijazwa Juni yote kwa siku moja, malengo na matokeo vikazaliwa pacha. Sasa kuna PEPMIS, mfumo wa kompyuta ulioshika nafasi yake, inayotaka kazi ziingizwe kwenye mfumo mara kwa mara, na hilo ni afadhali. Ila kompyuta haiwezi kukuuliza huku inakutazama machoni. Mahali ambapo msimamizi anakaa na watu wake kila wiki, kujaza mfumo ni kunakili tu yaliyokwisha semwa. Mahali ambapo hakai nao, mfumo utajazwa usiku wa siku ya mwisho, kama fomu.

Kundi la WhatsApp nalipitia haraka. Si kikao. Ni ubao wa matangazo wenye dole gumba. Mtu akijibu kwa dole gumba hujui ameahidi, amesoma, au amegusa kwa bahati mbaya akiwa kwenye bodaboda.

Niseme sasa jambo ambalo wanaosifia vikoba huwa hawalisemi, na ndilo lililonisumbua zaidi. Wanakikoba wanafika mapema kwa sababu sanduku ni lao. Mwisho wa mzunguko, siku ya kuvunja, kila mmoja anaondoka na chake na faida juu. Karakana si ya fundi. Akifanya vizuri, lori linaondoka, shaba inafika bandarini, faida inaingia mahali ambapo yeye hapaoni. Kwa nini basi akumbuke salio la Jumatatu iliyopita? Usipolijibu swali hili, hata uondoe viti, hata ununue ubao wa kisasa wenye rangi, unacheza maigizo ya kikoba bila sanduku.

Sina jibu kamili, nina lililofaa kwetu. Tulikubaliana kwamba kila Jumatatu, katika zile dakika 20, fundi naye anaweza kuweka jambo ubaoni kwa jina langu. Glavu zimeisha. Jeki ya tani 20 inavuja, mtu atapondeka. Saa za ziada za mwezi uliopita hazijaingia kwenye mshahara. Jambo, jina, siku, hali, vilevile. Kwa mara ya kwanza kikao kikawa na kitu ambacho wao wanakuja kukichukua. Mahudhurio yalipanda kuanzia hapo, kabla hata ya ile saa kusogezwa. Wasimamizi wengi wanataka kikao kiwe bomba la maji linalotiririka upande mmoja: mimi nauliza, nyinyi mnajibu. Kikoba hakina bomba la namna hiyo, mwenyekiti naye ana namba, naye anadaiwa rejesho.

Mkianza, anzeni kidogo, na chagueni saa ambayo mnaweza kuilinda. Kuahirisha ndiko kunakoua. Kikao kikiahirishwa mara moja kwa sababu bosi ana wageni, watu wanaelewa. Mara ya pili wanajifunza kwamba ahadi zao si muhimu kama wageni. Sisi tuliweka utaratibu kwamba nisipokuwepo kikao kinaendeshwa na fundi kwa zamu, na vilivyoendeshwa na mchomeleaji, kusema kweli, vilikuwa vifupi na vikali kuliko vyangu. Alikuwa hana hotuba.

Mshereheshaji ananionyesha vidole vitano. Kuna dada kule nyuma alinyoosha mkono tangu nilipotaja jina langu ubaoni. Swali lako dada? Ameuliza, na nalirudia kwa wasiosikia: bosi asipotimiza yake, nani anamuuliza?

Nikuhadithie tu. Mafundi walikuwa wakilalamikia giza ndani ya shimo la ukaguzi. Walifanya kazi za chini ya gari huku wameng'ata tochi za simu mdomoni. Wakaliweka ubaoni: taa za shimo, jina langu, na nikataja Ijumaa mwenyewe. Jumatatu ikafika, nikasema manunuzi hawajasaini, siku mpya Ijumaa. Jumatatu ya pili nikasema mkurugenzi alisafiri. Hakuna aliyesema kitu. Jumatatu ya tatu ilikuwa zamu ya kijana wa matairi kuendesha, ana miaka kama 22, alikuwa hajamaliza hata mwaka pale. Akashuka ubao mstari kwa mstari, akafika kwenye taa, akasimama. Nikaona wazee wanatazama viatu vyao. Akasema, kwa heshima zote, “Madamu, taa?”

Nikaanza, “Unajua, suala hilo linafanyiwa...” nikajisikia mwenyewe.

Mchana ule nilikwenda Kariakoo kwa fedha yangu, nikarudi na taa nne za kuzuia maji na waya, fundi umeme akazifunga kabla ya jioni. Manunuzi walinirudishia fedha baada ya miezi miwili. Jumatatu iliyofuata kijana akafika kwenye mstari ule, akauliza, “Taa?”

“Zimefungwa.”

Akaweka alama ya vema kwa chaki, hakunisifu, akaenda kwenye lori linalofuata.